Unataka Kuanza Dredi? Angalia Almanaki Kwanza

Bumu likitoka, haipiti wiki bila mtu chumbani kwetu kutangaza kwamba anaanza dredi. Safari hii ni jamaa wa kitanda cha juu, mwaka wa kwanza, anasoma Elimu kama mimi. Alikuja Jumapili jioni na simu mkononi, imejaa picha za vichwa vya watu, akaniuliza: "Kaka, eti msimu mzuri wa kuanza ni upi? Mvua au kiangazi?" Aliniuliza mimi kwa sababu alisikia kwamba niliwahi kuwa nazo. Nilikuwa nazo kweli, kwa miezi saba.

Nilimjibu kwa dakika mbili, nikapanda kitandani, usingizi ukakataa. Nilikuwa nimempa nusu ya jibu, ile nusu rahisi. Nusu ya pili naiandika hapa, maana najua hayuko peke yake anayeuliza, na najua wengi wetu tunaosoma ualimu tunaijua tukiwa tumeshachelewa.

Mbingu zinasemaje

Tuanze na hiyo rahisi. Ndiyo, hali ya hewa ina maneno yake kwenye jambo hili, tena makubwa.

Dredi hazifungwi na msusi. Msusi anagawa tu kichwa, anasokota kwa kitana au kwa vidole, anakuachia vijiti laini vinavyofanana na tambi. Kazi ya kufunga inafanywa na nywele zenyewe. Kila siku kichwa cha mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 hivi. Kwa mtu anayechana, hizo huondoka na kitana. Kwa mwenye dredi hubaki humo humo, zinajizungusha kwenye zile zinazoota, mpaka kinakuwa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana sisi wa kipilipili tunafunga mapema kuliko wenye nywele laini. Na ndiyo maana haraka haisaidii: nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na dredi kukomaa kabisa huchukua mwaka mmoja na nusu, kwa wengine miwili.

Sasa adui wa hivyo vijiti katika miezi mitatu ya mwanzo ni maji yasiyo na ratiba. Mvua ikikukuta njiani mara mbili kwa wiki, mizizi inafumuka. Jasho nalo ni maji, hivyo anayeanza Dar es Salaam mwezi Januari, kwenye joto lile, asishangae akiamka kila asubuhi na kichwa cha mtu aliyegombana na mto. Halafu kuna suala la kukauka. Watu wanadhani dredi hazioshwi. Zinaoshwa sana tu! Ila usilale nazo zikiwa mbichi. Dredi iliyolala na maji ndani inaota kuvu, na harufu yake unaijua kama umewahi kusahau nguo kwenye ndoo siku tatu. Ukishaipata harufu hiyo katikati ya dredi nene, dawa yake mara nyingi ni mkasi.

Kwa hiyo kama unaishi Pwani, Tanga mpaka Dar, subiri masika ya Machi hadi Mei yapite, anza Juni wakati kipupwe kimeingia na jasho limepungua. Bukoba, ambako mvua haina aibu karibu mwaka mzima, wana dirisha dogo la Juni hadi Agosti. Mbeya mvua inaanza Novemba na kukoma Aprili hivi, ila Juni na Julai ni baridi ya kuuma na kuosha kichwa kunahitaji moyo. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mei ni mwezi mzuri kuliko yote: mvua imekata, hewa kavu, ukiosha saa mbili asubuhi saa sita kichwa kimekauka. Ukichelewa mpaka Agosti na Septemba unakutana na upepo na vumbi jekundu. Hapo ukipaka nta kichwani, kama wanavyoshauriana mtandaoni, umetengeneza tope. Tumia alovera kidogo, funga kitambaa usiku, na usikubali msusi avute mpaka macho yabadilike umbo. Nywele za mbele zikivutwa kila mwezi hukatika, na zingine hazirudi.

Hiyo ndiyo nusu niliyompa jamaa yangu. Aliridhika. Akasema, "Basi Mei hii hii naanza."

Hapo ndipo ningemzuia.

Almanaki ya chuo ina masika yake

Huyu ni mwaka wa kwanza, Elimu. Akianza Mei, Julai atamaliza mitihani, na baada ya mitihani anakwenda TP. Atasimama mbele ya ofisi ya mkuu wa shule akiwa na dredi za miezi miwili, yaani katika umri wake mbaya kuliko wote: zimesimama, zimevimba, zina nyuzinyuzi, hazifungiki nyuma na hazilali mbele. Hata anayezipenda dredi atasema, "Mh, hizi bado."

Wenzetu wa Sheria wana mwezi wao wa kuogopa, wa Uhasibu wana wao. Sisi wa Elimu tuna mmoja ulio wazi kabisa, na unarudi kila mwaka baada ya mitihani ya muhula wa pili. Hesabu mwenyewe. Ukianza Novemba ya mwaka wa kwanza, TP inakukuta na miezi minane. Ukianza ukitoka TP ya kwanza, mwezi Oktoba, TP ya pili inakukuta na miezi tisa. Hakuna popote katika miaka miwili ya mwanzo ambapo dredi inapata ule mwaka na nusu wake bila kupita mlango wa shule ya mtu. Jua likubali, mvua ikubali, almanaki inakataa.

Mimi sikuhesabu. Nilianza Desemba ya mwaka wa pili, wiki ambayo bumu lilitoka. Kwa hali ya hewa nilikosea, maana ndiyo kwanza mvua za Dodoma zinafungua. Kwa almanaki nilikosea mara mbili. Msusi wangu ni kijana wa Kimaasai ambaye ana kiti chake cha plastiki jirani na soko la Sabasaba. Aliniangalia juu, mawinguni, akaniambia, "Mwalimu, ngoja mvua." Nikamwambia pesa haingoji. Akacheka, akachukua shilingi 25,000 yangu, akaanza kusokota. Tulikaa saa nne.

Januari na Februari nililala na taulo kichwani. Machi nilifumuka upande wote wa kushoto nikarudishia upya. Aprili zikaanza kushika. Nakumbuka siku niliyoibonyeza moja kwa vidole nikaikuta ngumu ndani, kama mbegu. Nilimwita mwenzangu wa chumba aishike. Akasema, "We mtu una matatizo," lakini akaishika.

Kama hujawahi kufuga dredi, labda utauliza: nywele tu hizi, za nini kelele zote? Sina jibu kubwa. Mimi si Rasta. Jumapili naimba besi kwenye kwaya. Sivuti chochote. Nilizipenda tu, na nilipenda kwamba kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza kichwa changu kilikuwa changu. Tumesoma shule zetu za serikali, tunajua. Miaka 13, darasa la kwanza hadi kidato cha sita, kichwa kinakaguliwa Jumatatu asubuhi kama kucha. Chuo ndiyo mahali pa kwanza ambapo nilikaa mwezi mzima bila mtu kuniuliza nanyoa lini.

Kilichotokea TP

Nilipangiwa shule ya sekondari mkoa mwingine. Sitaitaja, na siyo lengo langu kuwasema, kwa sababu walinipokea vizuri na mkuu wa shule ni mtu aliyenifundisha mengi. Niliripoti Jumatatu, shati jeupe, suruali ya kitambaa, dredi nimezifunga na kitambaa cheusi kadiri zilivyokubali. Mkuu akasoma barua yangu ya utambulisho hadi mwisho. Akaniuliza masomo yangu. Nikasema Kiswahili na Historia. Akafurahi, walikuwa na upungufu kwenye Historia. Akanipa vidato viwili palepale. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Na hizo nywele, mwalimu, tutazimaliza lini?"

Nikamwomba, kwa heshima, anionyeshe mwongozo unaosema hivyo. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, mwalimu ni kioo. Kioo hakina waraka." Akanipa mpaka Alhamisi.

Siku tatu hizo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Semina ya maandalizi ya TP chuoni ilikuwa imetufundisha andalio la somo, azimio la kazi, namna ya kujaza kitabu cha kumbukumbu, hata rangi za viatu. Kuhusu nywele, nilichokumbuka ni "mwonekano nadhifu". Zangu zilikuwa nadhifu. Nilimpigia mama. Mama akasema, "Nywele zinaota, mwanangu. Alama za TP haziotagi." Alhamisi asubuhi nilikaa kwa kinyozi wa kijijini, mzee mmoja mwenye mashine inayotumia betri ya gari. Akaniuliza kama nataka kuzichukua. Nikasema hapana. Nikabadili mawazo, nikachukua moja. Iko kwenye begi langu la madaftari mpaka leo, na kwa wanaotaka kujua, ina sentimita tisa.

Nikaingia darasani kipara. Watoto wa kidato cha pili walinyamaza namna ambayo darasa huwa halinyamazi. Mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa na wenzake. Nikaandika mada ubaoni, tukaendelea.

Ningeishia hapo ningesema ni hasara ya kawaida. Lakini Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya ukaguzi. Wanafunzi mstarini, walimu tunapita. Mwalimu wa zamu akanikabidhi mkasi. Ninyi mnajua kinachofanyika: hamnyoi mtoto kichwa chote, mnampitishia njia moja katikati, ili aone aibu akamalizie mwenyewe. Wote tumepitishiwa au tumeona mwenzetu akipitishiwa. Nikafika kwa kijana mmoja wa kidato cha pili, wa darasa langu, nywele zimezidi kidogo sana. Mwalimu wa zamu alikuwa nyuma yangu. Kijana akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, bila jeuri, kama anayeuliza swali la somo: "Mwalimu, si na wewe walikunyoa?"

Nikamwambia, "Inamisha kichwa." Akainamisha. Nikampitishia mkasi.

Huyo kijana alikuwa ananyoosha mkono kwenye kila kipindi cha Historia. Kwa wiki mbili hakunyoosha. Baadaye alirudi, watoto wana huruma kuliko sisi. Msimamizi wangu alipokuja kutoka chuoni alikaa nyuma ya darasa, akanipa alama nzuri, na kwenye sehemu ya mwonekano akaandika "nadhifu".

Hoja ya mkuu wa shule

Nimekuwa nikibishana na yule mkuu kichwani mwangu tangu wakati huo, na lazima nikiri kwamba hoja yake si ya kitoto. Siku moja tukinywa chai alinieleza: "Mimi nawaamuru watoto 600 wanyoe. Mwalimu wao ananing'iniza nywele. Nitawatazamaje?" Hilo ni swali la haki. Kiongozi asiyetii sheria anayoisimamia tunamsema humu humu kwenye jarida letu kila toleo.

Lakini mwanafunzi na mwalimu hawako kwenye sheria moja, na watoto wanalijua hilo vizuri. Mwalimu havai sare. Ana simu mfukoni, anatoka nje ya geti bila ruhusa, analala anapotaka. Hakuna mtoto anayesema "mbona mwalimu hana sare?" Anajua kuna umri wa sare na umri wa kuivua. Kwa nini nywele peke yake zisiwe na umri?

Kwa wengine zilikuwa nao. Yule msusi wangu wa Sabasaba alinieleza jambo hili nikiwa kwenye kiti chake. Kwa Wamaasai, morani hufuga nywele, huzisuka na kuzipaka ngeu. Halafu unafika wakati wa Eunoto, sherehe ya kuuaga umorani, na mama yake anamnyoa. Kijana anaweza kulia siku hiyo na hakuna anayemcheka. Nywele zina siku ya kuanza na siku ya kuisha, siku zote mbili zinajulikana, rika zima linazipita pamoja, na anayeshika wembe ni mama yake.

Na hapa Ugogo tulipokalia, wasafiri wa karne ya 19 waliopita na misafara waliandika juu ya vijana wa Kigogo na nywele zao ndefu zilizosokotwa nyuzi nyuzi. Kwa hiyo tukiambiwa dredi ni mambo ya Jamaika yaliyoletwa na rege, tuulize yaliletwa wapi. Wapiganaji wa Mau Mau walikaa msituni Kenya miaka ya 1950 na vichwa vyao vikafunga. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alipigwa picha akiwa nazo. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa na cheo cha Field Marshal katika vita hivyo, alibaki na zake mpaka Aprili 2022, akiwa na miaka zaidi ya 90, ndipo akakubali zikatwe, na aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Miaka karibu 70. Alichagua mwenyewe siku na mkono wa kuzikata.

Kuna watu watasema, basi nenda mahakamani. Ni kweli kwamba Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa shule ya sekondari ilikosea kumzuia mwanafunzi wa Kirastafari kwa sababu ya dredi zake, na Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ikaamua shule za umma ziwapokee watoto wa Kirastafari bila kuwanyoa. Nafurahi kwa ajili yao. Ila wale walilindwa kwa sababu ya imani. Mimi nikisimama kusema dredi zangu ni imani nitakuwa nadanganya, na kwaya nzima inanijua. Siwezi kukopa dini ya mtu kwa sababu nilipenda msuko.

Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo. Sisemi kila shule ikubali dredi. Nasema kanuni inayoweza kumnyoa mtu iandikwe mahali, tena aione kabla hajapanda basi. Kanuni iliyoandikwa naweza kuipenda au kuichukia, naweza kupanga maisha yangu kuizunguka, naweza hata kuomba ibadilishwe. Ile ya "kioo hakina waraka" siwezi kufanya nayo lolote, kwa sababu shule hii inakunyoa na shule ya kata jirani inakuacha. Mwenzangu wa darasa, dada mwenye dredi mpaka mabegani, alipangiwa kilomita 40 kutoka kwangu. Mkuu wake alimwambia azifunge tu. Tulikuwa na barua ileile, mhuri uleule.

Kwa hiyo lini?

Nina maombi mawili, moja kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi na moja kwako unayesoma.

Kwa viongozi: semina ya TP mwaka huu inakuja. Ombeni ukurasa mmoja tu. Chuo kiulize shule zinazotupokea zina masharti gani ya nywele, ndevu, hina na kadhalika, kituandikie, tupewe Machi badala ya kugundua Julai mlangoni. Shule inayotaka vipara iseme vipara. Mtu aende anajua, au aombe kubadilishiwa mapema. Haigharimu fedha. Na kwenye ukurasa huohuo iandikwe kwamba mwanachuo wa TP asikabidhiwe mkasi. Tumekwenda kujifunza kufundisha.

Kwako wewe wa mwaka wa kwanza: usianze Mei hii. Najua mbingu ziko safi na bumu liko kwenye simu. Subiri. Nenda TP na kichwa kifupi, rudi, acha nywele zikue bila kusokotwa, tafuta msusi mwenye mikono myepesi, nenda TP ya pili. Ukishaijaza karatasi ya mwisho ya TP ya pili, almanaki imekuachia. Halafu vumilia mvua moja zaidi. Mei ya mwaka wa tatu ndiyo mahali pekee katika digrii nzima ambapo mbingu za Dodoma na ratiba ya chuo vinakubaliana. Hakuna TP mbele, hakuna mvua mpaka Desemba, na kufikia mahafali zitakuwa zimeshika kiasi cha kuingia chini ya kofia.

Wa vyuo vya Pwani, sogezeni hadi Juni. Wasiosoma Elimu, anzeni mnapotaka, mna bahati.

Wapo watakaoniambia: na usaili wa ajira je? Swali zuri, na sitajifanya shujaa. Tunajua kaka na dada zetu waliomaliza ualimu wanavyokaa nyumbani wakisubiri. Kuna utani mchungu kwamba kipindi cha kusubiri ajira kinatosha dredi kukomaa na kubaki. Na mtaani wanazisoma hivyo hivyo, kwamba mwenye dredi ni mtu asiye na pa kwenda Jumatatu. Mama yangu naye anaogopa hilo. Nimemwahidi jambo moja. Nikiitwa, nitakwenda nimezifunga nyuma, shati limepigwa pasi, vyeti kwenye bahasha. Wakisema ninyoe, nitaomba kuona palipoandikwa. Kama pameandikwa, nitanyoa siku hiyohiyo, maana kufundisha nakutaka kuliko nywele, na nitamwomba mama ashike wembe. Kama hapajaandikwa, nitaomba waniulize swali la Historia.

Kwa sasa nywele zangu zina urefu wa kidole. Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa mbili asubuhi, nina miadi Sabasaba. Msusi ameshaangalia juu, amesema safari hii sawa. Jamaa wa kitanda cha juu nimemwambia aje anisindikize, akae atazame, asikalie kiti. Amenuna kidogo. Jana nimemkuta ameweka almanaki ya chuo ukutani, juu ya mto wake, anahesabu miezi kwa kalamu.